Mwosha Maiti wa Swima

Mama Émilienne alikuwa mwosha maiti wa kijiji cha Swima kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema marehemu fulani alikuwa na kovu hapa au uvimbe pale. Ndivyo walivyo waosha wa kwetu. Mtu akifa, wanaingia watatu chumbani na ndoo za maji, wanafunga mlango, na wakitoka wanasema neno moja tu: "Amepumzika." Mwosha anayesimulia mwili wa marehemu ni kama amemvua nguo mbele ya watu. Kwetu ni heri uibe.

Mimi naitwa Anatole. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka vita ilipoifunga shule, nikahamia mjini Baraka na meza na mashine ya kupiga chapa, nikawa naandikia watu barua za mashtaka. Watu wananiita Mwalimu mpaka leo. Nina hasira za karibu, sikatai, na safari hii zilimponza mtu aliye bora kuliko mimi.

Ulikuwa mwaka wa 2003. Redio zilisema vita imekwisha. Labda wale askari wa bariere ya Swima, kile kizuizi chao cha njiani, hawakuwa na redio. Asubuhi moja akaja Solange, mke wa Albert, amejifunga kitambaa cheusi. Mumewe alipigwa risasi kwenye bariere ile akitoka shambani. Komanda wao alituma neno kwamba Albert aliwarukia askari kwa panga. Kesho yake familia ingeondoa matanga, na Komanda alikuwa amekwisha kupeleka mbuzi wawili.

"Mwalimu," Solange akasema, "bashemeji banataka kula ile mbuzi. Mi niko na njia gani?"

Nikamwambia njia ni tatu. Ya kwanza ni ya wazee: upande wa muuaji unaleta mbuzi, mnakula, damu imefutwa. Sheria ya serikali haisemi kwamba mliokula mmepoteza haki, lakini nani atakutolea ushahidi na mafuta ya mbuzi yule yako midomoni? Ya pili ni kupeleka mashtaka kwa mwendesha mashtaka kule Uvira, na mjane akajiunga na kesi kudai fidia yake na ya watoto. Ya tatu, kwa kuwa muuaji amevaa sare, ni mahakama ya kijeshi.

"Lakini hizo mbili zinataka shahidi," nikasema. "Bila shahidi, karatasi yangu ni ya kufungia karanga."

Solange akainama. Walioona ni askari wenyewe. Kisha akasema polepole kwamba aliyemwogesha Albert ni Mama Émilienne. Nilichukua baiskeli saa ile ile.

Nilimkuta nyumbani kwake anaanika ndagala. Nikamsalimu, nikamuuliza: "Mama, risasi iliingia wapi?"

Hakuinua uso. "Mwalimu, we unaandika, mi naogesha. Ile ninaona mu chumba inabakia mu chumba."

"Mbele au nyuma? Hilo tu! Mtu anayekurukia na panga unampiga kifuani!"

"Amepumzika," akasema.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia aibu anayoificha si ya Albert, ni ya Komanda, na kwamba anamfulia muuaji nguo zake za damu. Mtu mzima kama yule, na mimi niliyekula bukari yake, ugali wa mikono yake, nikiwa mdogo! Aliendelea kutandaza samaki wake. Kando ya njia walikuwa wamekaa askari wawili wa bariere, wanatafuna muhindi wa kuchoma na kututazama. Mmoja akapaza sauti, kwa heshima kabisa.

"Mama, ni we unaogeshaka bantu bamekufa hapa, eh? Kazi muzuri."

Nikapanda baiskeli yangu, nikaondoka upesi.

Kesho yake mbuzi wakapikwa. Watu wakaketi kwenye mikeka, sahani zikapita. Déogratias, kaka mkubwa wa marehemu, alikwisha kumega tonge Mama Émilienne aliposimama upande wa wanawake.

"Déo, weka ile bukari chini," akasema. "Risasi iliingia mu mugongo. Mbili. Na mikono yake ilikuwa na alama ya kamba. Muntu bamefunga mikono, anashika panga na nini?"

Mama wawe! Waosha wenzake wawili walijifunika nyuso kwa vitenge. Déogratias akarudisha tonge sahanini na kuanza kulia waziwazi, dume zima. Nyama yote ikarudishwa sufuriani, na wanaume wakaipeleka bariere ikiwa bado moto.

Jioni ile niliandika. Nilipofika kwenye sehemu ya shahidi, Mama Émilienne akaniuliza: "Hata jina?"

"Jina, mama, na kijiji. Shahidi asiye na jina si shahidi."

Akanitazama kidogo, akaweka dole gumba. Karatasi ikaenda Uvira kwa mtumbwi wa injini, ikapokelewa, ikagongwa mhuri. Nilifurahi mno, mjinga mimi. Nikatembea Baraka nzima nikijisifu kwamba sasa Komanda atakiona cha mtema kuni. Lakini mshtakiwa naye ana haki ya kujua anashtakiwa na nani, na nani atasema nini juu yake. Hiyo nayo ni sheria. Nimewaeleza watu mara mia. Wiki ya tatu Komanda akapata wito wake, na habari yote ikiwa ndani.

Siku nne baadaye Mama Émilienne alikutwa amekufa kando ya shamba lake la mihogo.

Waosha wenzake hawakuja. Mmoja alisema ana mgonjwa, mwingine mgongo unamuuma. Siwalaumu, maana askari walikuwa wamesimama njiani tangu asubuhi wakihesabu nani anaingia matangani. Mwishowe Solange, ambaye hakuwahi kuosha maiti maishani mwake, akachukua ndoo, akaingia peke yake na kufunga mlango. Mimi nilikaa nje nikalia. Jina lile nililiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, nami ndiye niliyemtukana mpaka akasema.

Mlango ukafunguliwa. Solange alikuwa amelowa maji mpaka viwikoni.

"Anatole," akasema, hakuniita Mwalimu. "Leta karatasi. Andika jina yangu kwanza, kisha nitakuambia ile nimeona."

Nilimsihi tuandike bila jina. Akakataa.