Nilivyomfundisha Sajenti Kufungua Pampu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa buti za kaka yangu. Zilikuwa kubwa, nikazijaza matambara mbele ili zisinivuke. Ofisi ya maji pale Tororo, mashariki mwa Uganda, ilikuwa imeniajiri fundi wa visima vya pampu, na asubuhi hiyo hiyo tukapandishwa gari kwenda Iyolwa, ambako kisima kilikuwa kimegoma na akina mama walikuwa wamerudi kuchota bwawani, maji yale yale ya ng'ombe. Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alinikabidhi klampu, yaani kibano cha chuma kinachoshika bomba lisitumbukie wakati mnaliinua.

"Athieno, watu nasema hii kazi ni ya nguvu," akaniambia. "Si nguvu. Ni kushika. Wewe naachia kidogo tu, bomba nakwenda chini, kisima nakufa."

Nyinyi mnaoanza leo mna pampu za kila aina, hata za jua. Zetu zilikuwa za mkono. Ukibonyeza mkono wa pampu, mnyororo unavuta fimbo za chuma zinazopita ndani ya mabomba hadi kwenye silinda, chini kabisa majini. Ndani ya silinda mna washa, yaani vipete vya ngozi vinavyobana maji na kuyapandisha. Ngozi ikilika, utabonyeza mpaka jasho likutoke na usipate hata tone. Kuibadilisha lazima mvute mabomba yote, moja baada ya jingine, na yakikuponyoka inabidi uyavue kwa ndoana ya chuma, kama mtu anayevua samaki asiyemwona.

Nilifanya kazi Iyolwa, nikahamishiwa Nabuyoga, kisha Busia. Huko Busia Mhandisi wetu alikuwa mama mpole asiyependa maneno mengi. Alikuwa na agizo moja: "Ukimaliza kutengeneza, usikimbilie gari. Kaa umwone mtu wa kwanza akichota." Nililifuata agizo hilo miaka yote ya kazi.

Kutoka Busia nilichukuliwa na shirika moja dogo la kanisa lililokuwa likifufua visima kusini mwa Sudan Kusini. Mshahara ulikuwa mzuri na watoto wangu walikuwa wamefika sekondari. Mume wangu hakupenda niende, lakini hakunizuia. Nilikwenda na dereva wetu Wandera, Msamia wa upande wa Kenya, mtu wa mzaha ambaye hakuacha kuimba akiwa kwenye usukani.

Vita vilitukuta barabarani. Tulikuwa tunarudi kutoka kijijini tulipoona gogo limelazwa njiani, na kabla Wandera hajarudisha gari nyuma, watu wenye bunduki walikuwa wamesimama pande zote mbili. Walichukua gari, simu na viatu vyetu. Tulitembea pekupeku porini hadi miguu ikapasuka. Wandera hakuimba tena.

Kambi yao ilikuwa katika shule iliyokimbiwa. Tulikuta wanawake wa vijiji vya jirani wamefungiwa darasani, wengine na watoto mgongoni. Mmoja wao, Keji, alikuwa amewahi kuishi Uganda kama mkimbizi, akajua Kiswahili. Ndiye aliyenifunga miguu kwa kipande cha kanga yake na kunieleza mambo ya pale. Kila asubuhi wanawake walipelekwa mtoni kuteka maji ya askari. Mto ulikuwa mpakani kati ya makundi mawili yanayopigana. "Wiki hii tumekwenda wengi kuliko tuliorudi," Keji alisema, akatazama pembeni.

Katikati ya uwanja wa shule palikuwa na pampu. Kapteni wa kambi, mtu mrefu asiyepandisha sauti, ambaye kama askari wake wengi alijua Kiswahili kidogo, aliniita mbele yake.

"Kazi yako nini?"

"Fundi wa pampu."

"Basi hii itengeneze. Ikishindikana, sina kazi na wewe."

Nilifungua kifuniko nikachungulia. Askari walikuwa wamejaribu kuvuta mabomba wenyewe, yakawaponyoka. Mikono yangu ilikuwa inakijua kitu kile. Nikamwambia kwamba nahitaji chuma cha kutengeneza ndoana, watu wenye nguvu wa kuvuta, na ngozi ngumu. Na nikaongeza jambo ambalo hata mimi lilinishtua lilipotoka kinywani: "Maji yakitoka, wanawake wasiende tena mtoni."

Kapteni alifungua mkanda wake, akavua mfuko wa ngozi wa bastola, akautupa miguuni pangu. "Ngozi hiyo hapo. Maji kwanza, maneno baadaye."

Ndoana tuliifua kwa chuma cha gari bovu. Nilivua siku kadhaa, nikiyanasa mabomba na kuyakosa. Bomba la kwanza liliponasa, walivuta askari, alivuta Wandera, walivuta wanawake, na kwa muda ule hukuweza kujua nani mateka na nani mlinzi. Nilikata washa kutoka kwenye ule mfuko wa bastola, nikazilowesha mafuta. Maji yalipotoka yalikuwa mekundu kwanza, halafu yakasafika. Nilikaa nikamwona mtu wa kwanza akichota. Alikuwa Keji. Alimnywesha mtoto wake kwa kiganja, kisha akaketi chini akalia bila sauti.

Kapteni alitimiza neno. Safari za mtoni zilikoma.

Lakini miezi ikapita, na nikaanza kuelewa nilichojifanyia. Wafungwa wengine waliuliziwa na jamaa zao, wakabadilishwa, wakaenda. Sisi hatukuguswa. Ngozi ya kukatakata haidumu kama ya kiwandani, na kila ilipokwisha nilihitajika mimi. Pampu ndiyo iliyoniweka hai, na ndiyo iliyonifunga.

Aliyekuwa akinisaidia kuvuta mabomba alikuwa Sajenti mmoja wa makamo, zamani fundi wa baiskeli. Alikuwa na mikono mizuri na alipenda kuuliza. Mimi nilikuwa namficha sehemu ya kazi: nilikata washa nikiwa nimempa mgongo. Siku moja nikiwa naosha spana nilimwambia Wandera kwamba nataka kumfundisha yote.

"Dada, una akili kweli?" Alinong'ona, macho yamemtoka. "Wanatulisha kwa sababu ya mikono yako. Siku wakijua kazi yako, sisi ni midomo miwili ya bure. Watatuua."

"Na nisipomfundisha?"

"Tutakaa. Lakini tutakaa hai."

"Tutakaa mpaka lini, Wandera? Hawa wakihama watatubeba kama spana. Wakishambuliwa tutafia hapa. Na kisima hiki nikifa mimi kinakufa, hawa kina mama wanarudi mtoni."

Aliniachia spana akaondoka. Usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba nina haki. Nilikuwa naweka rehani maisha yake pamoja na yangu.

Asubuhi nilimwita Sajenti nikamkalisha karibu yangu. "Leo kisu unakishika wewe," nikamwambia. Alikosea washa ya kwanza na ya pili. Nilimfundisha kupima kwa kidole, kulowesha, kusikiliza mlio wa mnyororo. Nilimfundisha kushika klampu. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wengi niliowahi kupewa na serikali, na nikajikuta nafurahi naye kama ninavyofurahi na yeyote anayeshika kazi.

Siku zikapita kwa hofu. Kisha wakaja wazee wa eneo lile pamoja na padri, kuomba wafungwa. Tulisimamishwa uwanjani. Kapteni alikubali kuwaachia wanawake wenye watoto na wagonjwa. Aliponifikia mimi akatikisa kichwa.

"Huyu fundi anabaki. Bila yeye tunakunywa nini?"

Padri alisihi, Kapteni hakusikia. Ndipo Sajenti alipotoka mstarini, akapiga saluti.

"Afande, pampu hii naweza mimi."

"Wewe?"

"Ngozi inayotumika sasa niliiweka mimi. Mama alikaa tu kuangalia."

Kapteni alimtazama yeye, akanitazama mimi. Alikwenda mwenyewe kwenye pampu, akabonyeza. Maji yakaruka, yakamlowesha buti. Alibonyeza tena. Halafu akasema, bila kutugeukia, "Mchukue dereva wako mwende."

Sajenti hakuniaga. Nilipompita alikuwa amesimama wima, macho mbele, kama hanijui. Tuliondoka na padri, na Keji alikuwa mbele yangu na mtoto mgongoni.

Nyumbani Kisoko jirani walikuwa wamemshauri mume wangu aweke matanga. Alikuwa amekataa. Aliponiona njiani aliangusha jembe, na hakulikumbuka hadi kesho yake.

Kwa muda mrefu sikuweza kusikia mlio wa pampu bila moyo kwenda mbio. Mhandisi wangu wa Busia alikuja kunitembelea, akanywa chai, hakuniuliza lolote kuhusu kambi. Akiondoka akasema tu, "Nabuyoga kuna kisima kimegoma." Nilimwacha aende. Kesho yake nilichukua spana zangu. Nilifanya kazi hadi nilipostaafu, na kila mahali nilipotengeneza niliacha wanawake wawili watatu wanaojua kufungua na kufunga.

Keji alirudi kwao amani ilipotulia. Alinipigia simu kusema pampu ya shule inafanya kazi na watoto wamerudi darasani. Juu ya Sajenti hakuwa na habari. Namwombea.

Wandera bado huvuka mpaka kuja kwetu sikukuu ya Pasaka. Mwaka huu, baada ya chakula, nilimuuliza jambo tusilowahi kulizungumza: kama aliwahi kunisamehe.

Aliweka kikombe chini. "Dada, hata leo ukiniuliza, ningekukataza."

"Najua."

"Ningekukataza kwa nguvu zote." Alitazama uani, ambako wanawe wadogo, aliowapata baada ya kutoka kambini, walikuwa wanakimbizana na wajukuu wangu. "Na hawa wasingezaliwa."