Sketi ya dukani iliyomketisha chini Bibi Futi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kibaraza kimejaa. Wiki ijayo shule zinafunguliwa, na foleni ya watoto inaanzia kwenye cherehani mpaka mlangoni kwa kinyozi wa jirani.

Mwanamke mfupi, futi shingoni na pini nne mdomoni, anamwingiza mvulana wa kwanza nyuma ya pazia. Mama mtu anafuata. Fundi hapimi kiuno wala bega. Anamvua mtoto shati, anamgeuza ukutani.

"Inama. Gusa vidole vya miguu. Magoti usikunje."

Mvulana anainama huku anacheka. Mama yake ametoa macho. "Fundi, mimi nimeleta mtoto ashonewe kaptura. Kwani anakwenda jeshini?"

"Kaptura utapata, mama. Ngoja kwanza nimwone mgongo."

Anapitisha kiganja juu ya uti wa mgongo, polepole, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea kwenye godoro. Kisha anazitoa pini mdomoni na kushusha pumzi. "Haya, simama. Mzima wewe." Ndipo anaposhika futi.

Kutoka mlango wa pili kinyozi anapaza sauti: "Jamani, hospitali imehamia kibarazani! Kesho atatung'oa meno!"

Foleni nzima inaangua kicheko. Fundi anatabasamu nusu.

"Waache wacheke," anasema. "Mimi changu nilishakicheka muhula uliopita, na kilinitokea puani."

Jina alilopewa na wazazi wake wengi mtaani hawalijui. Ni Bibi Futi, basi. Ana miaka sitini na mitatu, watoto watano na wajukuu tisa. Wanne kati ya hao tisa wanaishi naye katika vyumba viwili nyuma ya maduka. Mwenyewe aliishia darasa la nne. Mumewe alipofariki, mtoto wao wa mwisho alikuwa bado hajatambaa, na cherehani cha miguu alichoachiwa na shangazi yake ndicho kilichowalisha wote na kuwasomesha.

Msimu wa shule hushona mpaka sare sita kwa siku. Miezi mingine kazi ni zipu na viraka, na zipo siku anarudi nyumbani na pesa ya unga tu.

Sifa yake kubwa ni pindo. Bibi Futi hamalizi sketi mezani. Mtoto lazima aivae, apande juu ya kigoda, asimame wima, na yeye apige magoti amzunguke na chaki na pini mpaka pindo lilale sawa pande zote. "Nguo humalizikia mwilini," ndiyo kauli yake. Ukikutana barabarani na watoto aliowashonea wakitoka shule, unawatambua kwa pindo.

Wajukuu anawashonea mwenyewe. Wa tatu kati ya wale wanaoishi naye ni binti wa miaka kumi na miwili anayemwita Twiga, kwa jinsi alivyorefuka ghafla. Mama yake Twiga hufanya usafi katika nyumba ya wageni kwenye mji mwingine, na huja mara moja kwa mwezi.

Miezi mitano iliyopita kifundo cha mkono wa kulia cha Bibi Futi kilivimba hata mkasi haukushikika. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na sare ya Twiga ilikuwa imeshampanda magotini. Mama mtu akamnunulia nyingine dukani, iliyoshonwa kiwandani, akaituma.

Asubuhi ya kwanza Twiga alitoka chumbani ameivaa. Bibi Futi alikuwa ameketi uani, mkono umefungwa bandeji. Alipomwona, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sketi ilikuwa imeshuka upande wa kushoto. Shati limeporomoka bega moja.

"Ndizo nguo zenu za dukani hizo! Kiwanda kimelewa! Njooni muone mtoto alivyovalishwa gunia!"

"Bibi, nitachelewa," Twiga alimwambia.

"Hebu simama wima kama mtu."

"Nimesimama, Bibi."

"Hujasimama, umeegama."

"Nimesimama!"

Jioni, mkono ukimuuma vile vile, fundi aliifumua ile sketi ili aionyeshe dunia makosa ya kiwanda. Akaitandaza mezani, akavuta futi upande wa kulia, kisha wa kushoto. Zikawa sawa. Akadhani futi imeteleza, akarudia. Sawa tena. Akaligeuza shati, akapima mabega. Sawa sawia.

"Nguo haikuwa na kosa hata la uzi mmoja," anakumbuka.

Akafungua sanduku. Akatoa sketi aliyomshonea Twiga mwanzo wa mwaka, kwa mikono yake, na kuilaza juu ya ile ya dukani. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

Sketi ya mwaka uliotangulia alikuwa nayo mjukuu mdogo, aliyeirithi. Akamwambia avue alete. Hiyo ilipungua kidole kimoja. Na papo hapo akakumbuka jinsi yule mdogo alivyowahi kumlalamikia: "Bibi, hii sketi inapanda upande mmoja." Naye alimjibu, "Wewe ndiye unayekimbia upande mmoja, acha kudeka."

Ya mwaka wa nyuma zaidi ilikuwa sawa pande zote.

Pale mezani, sketi tatu zimepangwa kama ngazi, Bibi Futi akayaelewa magoti yake mwenyewe. Kwa miaka miwili alikuwa amempigia mtoto magoti, chaki mkononi, akaona pindo limeshuka kushoto, akalipandisha. Bega la shati likilegea, alitia kitambaa cha ndani likajaa. Hakujiuliza. Mkono wa fundi hausubiri akili.

"Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua," anasema, sauti imeshuka. "Lakini huyo anajua kwamba anaficha. Mimi nilidhani napendezesha."

Alimwita Twiga chumbani, akamwomba avue shati, agande. Mfupa wa bega moja ulikuwa umechomoza kuliko mwenzake. Kiuno upande mmoja kilikuwa na bonde, upande wa pili kimenyooka kama ukuta. Bibi Futi, anayejivunia kwamba hajawahi kukaa mteja akiwa amesimama, alikaa sakafuni.

"Bibi, kuna nini?" Twiga aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna kitu, mama. Vaa."

Kulipokucha walikuwa benchi la hospitali. Picha ilipotoka, daktari wa mifupa aliibandika kwenye kioo chenye taa. Uti wa mgongo wa Twiga ulipinda huku, kisha ukapinda kule, kama njia ya nyoka. Daktari akachora mistari, akapima pembe ya mpindo: nyuzi thelathini na nne. Nyuzi anazozijua Bibi Futi ni za kushonea, akabaki anamtazama mdomoni. Daktari akamweleza taratibu: mtoto bado anakua, na mgongo hupinda kwa kasi zaidi wakati huo. Ukifika nyuzi arobaini na tano, itabidi kufikiria upasuaji mkubwa.

"Hili halikuanza jana," daktari alisema. "Mwaka, pengine miwili. Hakuna aliyeona nyumbani?"

Bibi Futi alifungua mfuko wake, akazitoa zile sketi, akazipanga juu ya meza ya daktari, juu ya makaratasi yake.

Daktari alichukua rula, akapima pindo moja moja. Kisha akatoka, akarudi na wenzake wawili. "Tazameni," aliwaambia. "Miaka miwili yote hii hapa, imeandikwa kwenye kitambaa."

Akamwambia Bibi Futi kwamba ugonjwa huu hauletwi na mkao wala mzigo wa madaftari, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Hakuna mtu aliyeusababisha. Yeye aliyasikia hayo yote. Lakini anasema yaliyobaki kichwani ni swali lile la kwanza.

Ilibaki kumwambia mama mtu. Alimpigia simu uani, akiwapa wajukuu mgongo.

"Mama!" binti yake alilia upande wa pili. "Si wewe unayempima? Watoto wa watu wote unawapima, huyu wa kwako hukumwona?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ndiyo nini, Mama?"

"Ndiyo, mimi."

Binti akakata simu. Kesho yake mchana alikuwa mlangoni na begi dogo, macho yamevimba. Alimvua Twiga shati, akamtazama, akalirudisha shati na kulifunga vifungo kimoja kimoja. Halafu akaenda jikoni, akakaa kando ya mama yake.

"Kila mwezi nilikuja nikasema amependeza," alisema. "Nilimuona kwa nguo zako, Mama. Na mimi nilitosheka."

Dawa ya sasa ni koti gumu la plastiki, lenye mikanda mitatu, linalobana kifua na nyonga. Twiga anatakiwa kulivaa saa ishirini kwa siku mpaka aache kurefuka. Bei yake ni sawa na faida ya sare mia na kumi. Mama mtu alichukua mshahara wa miezi miwili mbele, na wajomba wakajazia.

Wiki ya kwanza Twiga hakutaka kutoka nje nalo. Jirani mmoja alimgonga kwa utani, koti likatoa mlio wa ndoo, watoto wakacheka. Usiku huo alimwekea bibi yake kitambaa cha sare mapajani.

"Bibi, wewe unajua kuficha. Nifiche na hili lisionekane."

Bibi Futi anasema neno lile lilimwingia kuliko swali la daktari.

"Nitakupanulia shati upate kupumua, na nitaacha mpasuo ubavuni ufikie mikanda mwenyewe. Kuficha, mama, sifichi tena."

"Watanicheka."

"Watacheka. Wakichoka watauliza. Uwajibu."

Tangu hapo hapimi mtoto yeyote kabla hajainama. Wawili amewarudishia wazazi wao na maneno ya kwenda hospitali. Mmoja alikutwa mzima, na mama yake akaja kumsuta mbele ya wateja kwa kumpotezea siku. Mwingine sasa yuko kliniki ile ile ya Twiga. Bibi Futi anataka mwalimu mkuu wa shule ya Twiga amruhusu apite madarasani kutazama migongo mara moja kwa muhula, pamoja na muuguzi. Mpaka sasa ameambiwa aandike barua, naye anatafuta wa kumwandikia.

Mwezi ujao Twiga anapigwa picha nyingine. Daktari amesema nyuzi zikibaki thelathini na nne, au zikipanda kidogo tu, koti linafanya kazi.

Bibi Futi hataki kusubiri taa ya daktari. Ameshanunua kitambaa. Wikiendi hii atamkatia mjukuu wake sketi mpya, pande mbili sawasawa kwa futi, alipige pindo mezani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kisha amvishe, yeye mwenyewe arudi nyuma mpaka ukutani, atazame.

"Na ikishuka kuliko ile ya dukani, Bibi?" Twiga anamuuliza kutoka kwenye kigoda, koti likilia anapogeuka.

Bibi Futi anakata uzi kwa meno.

"Ikishuka zaidi tunakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Sitaipandisha."