Jina la Sita Kwenye Orodha ya Duara

Kompyuta niliyoitengeneza siku ile iliwaka vizuri kabisa. Hadi leo natamani ingegoma.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Rwamgasa, machimboni. Saa nne asubuhi duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia. Watu watano walitolewa. Hakuna aliyejua kama chini kumebaki mtu.

Majina ya wanaoshuka huandikwa kila asubuhi kwenye kompyuta ya ofisi. Sasa umeme ulikatika palepale duara lilipotitia, Windows ikiwa katikati ya kujisasisha. Mashine ikawa inaleta kioo cheusi tu. Nikaitwa ofisini niiamshe.

Mlangoni alisimama Mbuke, mke wa mchimbaji Masele. Simu ya mumewe haipatikani.

"Fundi, niambie tu kama jina lake limo."



Nikachomeka flashi yangu ya kuokolea, mashine ikawakia humo. Kilichokufa ni kile kiprogramu kidogo kinachoiamsha Windows. Na orodha imo ndani ya programu yao yenye nywila, bila Windows huifungui. Nikakiandika upya kile kiprogramu.

Ikagoma.

Nikarudia. Nembo ya Windows ikatokea, orodha ikafunguka.

"Majina sita," nikasema. "Masele hayumo."

Mbuke akapiga magoti, analia na kucheka. "Wabeja, asante sana fundi! Atakuwa kilabuni huyo. Akirudi atanitambua!"

Nikacheka naye.

Majina matano yalikuwa ya wale waliotolewa. La sita lilikuwa la Stanslaus. Wakati wanajipanga kumchimbua, Stanslaus mwenyewe akashuka kwenye bodaboda, mzima wa afya! Watu wakashangilia.

"Kumbe aliandikwa akatoroka kazi," akasema Pantaleo, msimamizi. "Chini hamna mtu. Acheni kuchimba."

Wakaacha.

Stanslaus hakushangilia. Nikadhani ni mshtuko.

Baada ya saa mbili akanifuata kibandani kwangu, midomo imemkauka.

"Kaka, mwanangu anaumwa. Nilimwomba Masele ashuke kwa jina langu."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Tungefukuzwa wote."

Nilikimbia hadi duarani napiga kelele kama kichaa.

Masele alitolewa jioni. Waliombeba walisema mwili ulikuwa bado na joto.

Kushuka kwa jina la mwenzako ni kawaida huku. Hata mimi nilijua. Sikuuliza.

Ndugu zangu wachimbaji, mkibadilishana zamu, semeni. Mashine inarudisha kile ilichoandikiwa, hata kama ni uongo.

Mbuke huwa ananisalimia vizuri tukikutana sokoni. Bora angenitukana.