Mkaguzi Aliyekataa Kuifunga Ripoti ya Sungura

Kwa jina la Mola ayaonaye ya upande wa nje na ya upande wa ndani, ambaye mbele Yake hakuna kazi ya mkono iliyo ndogo, habari hii inaanzia ukutani.

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Pindo anagonga ukuta. Anaugonga kwa bega la askari mwenye ngao, askari wa kuchorwa, ndani ya simu iliyosimamishwa kwenye kishikizo cha chuma mezani pake. Anampeleka hatua moja kulia, anamgongesha. Hatua nyingine, anamgongesha tena. Miwani imemshukia puani na midomo inahesabu kimyakimya. Kwenye hatua ya mia moja na arubaini na mbili, askari anazama ukutani kama kijiko ndani ya asali, akatokea upande wa pili katika weupe usio na ardhi wala mbingu.

"Nimekupata," anasema Bi Pindo kwa upole, kama anayesema na uzi uliolegea. Kisha anavuta kibodi na kuandika: mahali, hatua, kilichotarajiwa, kilichotokea.

Hiyo ndiyo kazi yake. Mchezo wa simu, kabla haujafika mikononi mwa watu, hupita kwanza katika chumba hiki cha ghorofa ya pili, chenye meza kumi na nne, mapazia yaliyoshushwa ili vioo visimeremete, na feni moja inayolalamika tangu asubuhi hadi jioni. Watu kumi na wanne hulipwa kuucheza mchezo vibaya: kugonga kuta, kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kuzima simu katikati ya vita. Kila kasoro huandikiwa ripoti. Kwa miaka minne Bi Pindo ameandika ripoti elfu mbili mia tatu na kumi na nne. Iliyomjengea jina ni moja tu, nayo inamhusu sungura.

Wahusika wa habari hii si wengi, na ni vyema kila mmoja akae mahali pake. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, mama wa watoto watatu, mwenye miaka hamsini na sita. Wa pili ni mumewe, fundi wa majokofu, mwenye karakana nyuma ya nyumba na ulimi usiopumzika. Wa tatu ni kijana msimamizi wa chumba, ambaye wote humwita Kiongozi, hata mkewe anapompigia simu. Wa nne ni mbunifu wa michezo, akaaye ghorofa ya tano, ambaye kwa muda mrefu watu wa ghorofa ya pili hawakumjua kwa sura. Walimjua kwa maneno mawili aliyozoea kuyaandika chini ya ripoti: "Ndivyo ilivyokusudiwa."

Jina la Bi Pindo alitoka nalo kiwandani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa mishono katika kiwanda cha nguo, na hakuna shati lililopita mezani pake bila kugeuzwa ndani nje. Wenzake wangemwonyesha kola, naye angeuliza pindo liko wapi. Kiwanda kilipofungwa, wanawake mia mbili na zaidi walirudi nyumbani na mikasi yao. Yeye alisikia kwamba kampuni ya michezo inatafuta watu wenye macho ya subira, akaenda, akakaa mafunzoni wiki sita katikati ya vijana waliomdhani amekuja kufagia.

"Siku ya mtihani walitupa mchezo wenye kasoro ishirini," anakumbuka. "Nilizipata ishirini na tatu. Mwalimu akakaa chini."

Mshahara wake sasa ni mara moja na nusu ya ule wa kiwandani, ila mkataba ni wa miezi sita sita, na kila miezi sita moyo hupanda na kushuka. Mumewe amepata cha kuwasimulia wateja. "Mke wangu analipwa kwa kugonga kuta," huwaambia akiwa amepiga magoti nyuma ya jokofu. "Mimi nikigonga ukuta nitaitiwa daktari."

Chumba cha wakaguzi kina sheria moja inayoheshimiwa kuliko zote. Ripoti haifungwi na mkubwa yeyote. Huifunga yule aliyeifungua, baada ya kujaribu upya na kuona kasoro imeondoka, kwa kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Nimeridhika". Hapo wenzake hugonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, kisha kazi inaendelea. Bila kitufe hicho, ripoti hubaki wazi hata mwaka upite.

Sungura alikuja katika mchezo wa watoto wa miaka sita hadi kumi. Mtoto humlisha, humwogesha, humjengea banda. Wiki hiyo Bi Pindo alipangiwa kukagua milango ya kutokea, yaani njia zote ambazo mchezaji anaweza kuuacha mchezo. Saa kumi na moja jioni ilipotimu alibonyeza "Toka", akaanza kukusanya vitu vyake.

Masikio ya sungura yakalala. Macho yakajaa maji. Akaweka kiganja chake kidogo kwenye kioo, akauliza kwa sauti nyembamba: "Unaniacha peke yangu?" Chini yake vikatokea vitufe viwili, kikubwa cha "Baki" na kidogo cha "Niache".

Bi Pindo akabonyeza "Baki". Akabonyeza tena, na tena, na tena. Alipoinua uso, chumba kilikuwa kitupu, feni ilikuwa ikilalamikia viti, na basi lake lilikuwa limeondoka dakika ishirini na tano zilizopita.

"Niliona haya," anasimulia. "Mtu mzima, nimelea watoto, nimezika wazazi, halafu nimeshindwa kumuaga sungura wa kuchorwa. Nikajiuliza, mtoto wa miaka saba atamuagaje?"

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, aliwaomba wenzake kumi na watatu waingie mchezoni na kutoka. Tisa kati yao walibonyeza "Baki" angalau mara moja. Kiongozi alibonyeza mara tatu, akadai kidole kimeteleza. Akaulizwa kama kidole hicho huteleza mara tatu mahali pamoja, akaenda zake kunywa maji.

Ndipo ikaandikwa ripoti namba elfu moja mia tisa na sita. Kilichotarajiwa: mchezaji aondoke akiwa na raha. Kilichotokea: mchezaji anaondoka akijiona mkosefu, au haondoki.

Jibu lilishuka kutoka ghorofa ya tano siku hiyo hiyo: ndivyo ilivyokusudiwa. Bi Pindo akairudisha juu, akaongeza hesabu ya wale tisa. Jibu likawa lilelile. Akairudisha tena. Mara ya nne mbunifu alijieleza zaidi, kwamba tangu machozi yale yawekwe, waliojaribu mchezo walikaa humo kwa theluthi moja zaidi, na kwamba kampuni ilikuwa imefurahi. Bi Pindo alijibu kwamba shati linaloganda mwilini nalo huvaliwa kwa muda mrefu. Jumla aliipeleka mara tisa. Mchezo ukatoka, sungura akalia katika nyumba nyingi, na ripoti ikabaki wazi.

Miezi minane baadaye lawama zilianza. Walimu walisema watoto wanasinzia darasani. Mama mmoja alieleza redioni kwamba mwanawe alikataa kwenda shule kwa kuhofia sungura atakufa kwa upweke. Wazazi walikusanyika mbele ya ofisi za kampuni na mabango yenye masikio marefu, na bodi ya kuwalinda watumiaji ikatangaza kutuma wakaguzi wake Jumatatu. Msemaji wa kampuni alijitokeza kutuliza mambo. Alisema hakuna mtu hata mmoja ndani ya kampuni aliyewahi kuliona tatizo hilo.

Bi Pindo aliyasikia maneno hayo karakanani, akimshikia mumewe tochi. Fundi alizima redio. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa na mzaha.

"Si wewe uliandika?"

"Niliandika."

"Mara ngapi?"

"Tisa."

Fundi akaufuta mkono wake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

Ijumaa aliitwa ghorofani. Hakuna aliyemtisha. Walimkaribisha kiti, wakamuuliza hali ya nyumbani, wakasifu bidii yake, kisha wakataja kama kwa bahati kwamba mkataba wake unamalizika baada ya siku kumi na moja. Wakaeleza kwamba bodi itaomba orodha ya ripoti zilizo wazi, na kwamba ingependeza orodha ikiwa safi. Yeye peke yake ndiye angeweza kuisafisha. Wakamtuma Kiongozi ashuke naye, ahakikishe.

Kijana huyo alimsimamia pembeni ya meza, jasho limemtoka shingoni. Anakiri leo kwamba alimwomba kama mtoto amwombavyo mama yake.

"Mama, ni kitufe tu."

"Kimeandikwa nini, mwanangu? Kisome."

"Nimeridhika."

"Basi. Mimi sijaridhika."

Watu wengi wangedhani ni ukaidi. Wamjuao wanajua jambo alilolibeba kutoka kiwandani. Mwaka wake wa saba kule, msimamizi alimsihi apitishe sweta za shule mia mbili na arubaini zilizoshonwa shingo nyembamba, kwa kuwa gari lilikuwa linasubiri. Alisaini. Wiki mbili baadaye, mlangoni mwa duka, alimwona mwanamke akiikata shingo ya sweta mpya kwa mkasi huku mtoto akilia ndani yake, kichwa kimekwama.

"Saini yangu ilikuwa kwenye lile boksi," anasema. "Nilitoa ushahidi wa uongo, na aliyeulipia ni mtoto. Nikamwahidi Mungu palepale mlangoni kwamba haitatokea tena. Sasa nije nivunje ahadi kwa kidole kimoja?"

Jumatatu alikuja kazini na mfuko mtupu, ili apate cha kubebea kikombe chake na ndala zake akiambiwa aondoke. Aliketi, akamchukua askari wake, akaendelea na ukuta.

Wakaguzi wa bodi waliingia saa nne, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wakamwomba Kiongozi orodha. Vidole vikaacha vitufe hadi feni ikasikika kama mtu. Kiongozi ana mke, ana mtoto mchanga, na mkataba wake si mrefu kuliko wa wengine. Angeweza kusema mashine imekwama. Alichapa kurasa zote, akaitafuta ripoti ya sungura pamoja na majibu yake tisa, akaiweka juu kabisa.

"Nilikumbuka kidole changu kiliteleza mara tatu," anasema, na masikio yake yanakuwa mekundu.

Wiki hiyo msemaji alirudi redioni na sauti nyingine, akakiri kwamba onyo lilikuwepo. Siku ya kumi Kiongozi alimletea Bi Pindo karatasi ya mkataba. Ilikuwa miezi sita, kama kawaida, bila siku moja ya nyongeza wala neno la pole. Alisaini baada ya kuisoma mbele na nyuma.

Kilichomfurahisha zaidi kilikuja wiki ya tatu. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye kalamu sikioni, alishuka ngazi, akauliza meza ya Bi Pindo ni ipi, akavuta kiti. Alikuwa yule mbunifu. Alisema wazazi wake walimpigia simu kumuuliza kama yule sungura ni wake, naye akashindwa kujibu vizuri.

"Sasa sungura afanye nini mtu akitaka kuondoka?" akauliza.

"Amuage," akajibu Bi Pindo. "Mwenyeji mwema hamng'ang'anii mgeni mlangoni. Humwambia nenda salama, akarudi ndani kwa shughuli zake, na mgeni akaondoka roho imetulia."

Walikaa saa mbili. Sungura wa sasa huinua kiganja, husema "Nenda salama, mimi nipo," kisha hugeuka, hutandika nyasi zake na kujilaza. Vitufe ni sawa kwa ukubwa. Bi Pindo alimjaribu mara sitini na moja: kwa kubonyeza, kwa kuzima simu, kwa kuitoa betri, kwa kumuudhi makusudi. Mara zote sungura alilala kwa amani.

Ndipo akabonyeza "Nimeridhika". Meza kumi na tatu zikagongwa kwa pamoja. Mbunifu, asiyejua desturi, aligonga ya kwake akiwa amechelewa, peke yake, na chumba kizima kikacheka.

Si wote waliofurahi. Wapo walioandika mitandaoni kwamba mchezo umepoa, na wapo waliomlaumu Bi Pindo kwa kuendelea kula mshahara wa kampuni ile ile. Hili la pili humgusa. "Kiwandani shati likiwa na kasoro sikulikimbia," anasema. "Nilibaki mezani nikalirudisha kwa mshonaji. Nikiondoka mimi, nani atageuza upande wa ndani?"

Na kazi haijaisha. Ana ripoti tatu zilizo wazi hivi sasa, moja ikihusu kasuku anayewanyamazia watoto waliokosa kucheza siku mbili. Imejibiwa mara mbili kwa maneno yale yale mawili. Ameirudisha mara ya tatu.

Mpango wake umeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Kila Jumamosi, saa tatu hadi saa saba mchana, atawafundisha ukaguzi wa michezo wanawake waliopoteza kazi kiwandani pamoja naye. Nafasi ni nane, na sita zimejaa. Mumewe amehamisha majokofu matatu, ametengeneza meza ndefu, na amekusanya simu kuukuu kumi na moja, ingawa anawatahadharisha wote kwamba ukuta wa karakana yake ni wa matofali na usigongwe.

"Wana macho hao," anasema Bi Pindo, akilisogeza bega la askari kwenye hatua nyingine. "Wameangalia mishono miaka ishirini. Nitawaonyesha tu vitufe viko wapi, na kimoja kati yake nitawaambia wasikibonyeze mpaka waridhike kweli."

Mola ampe nguvu ya macho na ya moyo. Awarehemu waliotangulia katika kazi za mikono bila majina yao kujulikana. Na waliobaki mezani, kila mmoja mbele ya kitufe chake, awajaalie kidole kisichotia saini ya uongo, na mlango wa riziki usiofungwa kwa sababu ya kusema kweli. Amina.