Kibuyu cha Mama Chebet Bado Kiko Mezani Kwangu

Msimamizi wa kundi hili, naomba unifichie jina. Nina umri wa miaka sitini na tisa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimefiwa na mke, na ni mzee wa kanisa huku kwenye majani chai, mpakani mwa Kericho na Bomet. Sikuzoea kueleza mambo ya nyumbani mbele ya watu wengi. Lakini jambo hili limenilemea tangu mvua zianze, na kwa kuwa ninyi hamnijui, nitalisema.

Binti yangu wa mwisho alimaliza masomo yake Chuo Kikuu cha Kabianga, akatafuta kazi asipate, akarudi nyumbani. Alianza kuuza mursik, yaani maziwa yetu yanayochachushwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Aliyatia kwenye chupa zenye nembo nzuri, akafungua ukurasa mtandaoni. Maziwa yalikuwa mazuri, lakini ukurasa ulikuwa kimya kama darasa wakati wa likizo. Nikamwambia nitamwandikia. Niliandika maelezo marefu, yaliyonyooka, kuhusu ng'ombe wetu na jinsi marehemu mama yake alivyomfundisha kuosha kibuyu. Walioyapenda walikuwa watu wanne, nami nikiwa mmoja wao.

Jioni moja aliketi jikoni, akaniambia, "Baba, wewe unaandika insha. Huko watu hawasomi insha. Wanapenda vita."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu kuandika ndiyo kazi niliyojivunia maisha yangu yote. Kesho yake, bila kumwambia, nilifungua akaunti kwa jina la kijana asiyekuwepo. Chini ya picha ya chupa zake nikaandika kwamba afadhali huyu, maana vibuyu vya soko letu siku hizi vinasuguliwa kwa makaa ya jikoni, wala si kwa mkaa wa mti wa senetwet. Niliandika vibaya makusudi, bila nukta wala herufi kubwa, ili mtu yeyote asinitambue.

Kwa wasio wa kwetu, mkaa wa senetwet ndio unaoipa mursik harufu na rangi yake. Kumwambia mwanamke kwamba anatumia makaa ya kupikia ni kumwambia kwamba hakulelewa. Kufikia mchana wa siku ya pili watu walikuwa wameandika mpaka nikashindwa kuwafuata. Wengine walibisha, wengine walicheka. Mmoja aliandika kwamba kesho watasugua kwa tairi. Kila aliyekuja kugombana aliziona chupa za binti yangu, na simu ya binti ikawa inalia tangu asubuhi. Yeye alisema Mungu amemkumbuka. Nami nilifurahi, siwezi kuwadanganya.

Nilichojifanya kukisahau ni kwamba katika soko letu anayeuza mursik ni mwanamke mmoja tu. Nitamwita Mama Chebet. Ni mjane, hajui kusoma, na ameketi karibu na kituo cha kununulia majani chai tangu binti yangu akiwa mchanga. Mke wangu alipolazwa hospitali ya Longisa, siku zake za mwisho, hakuweza kumeza kitu isipokuwa mursik ya mama huyo. Aliipeleka mwenyewe, kila juma, na hakukubali nimlipe.

Wachumaji wa majani chai walianza kumpita. Wengine walifungua kibuyu, wakanusa, wakakirudisha chini. Vijana wakamwita Mama Makaa. Baada ya majuma matatu alikuja kwangu, akaketi kwenye kiti kile kile alichokikalia siku za matanga.

"Mwalimu," akasema, "wanasema kuna mtu ameniandika kwa simu. Mimi sijui kuandika. Wewe ndiye unajua Kiswahili. Nijibie."

Nilichukua kalamu. Alinieleza mti wake wa senetwet ulipo, nyuma ya zizi, na kwamba ulipandwa na mama mkwe wake. Niliandika kila neno, nikalisahihisha, nikamsomea. Alipangusa macho, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliniomba niyaweke maneno hayo pale alipotukanwa, nikayaweka, pale pale chini ya chupa za binti yangu. Mabishano yakafufuka. Wateja wakaongezeka tena, nao walikuwa wa binti yangu. Sikusikia hata mmoja aliyemwendea Mama Chebet.

Siku ile ile, alipokuwa mlangoni akiondoka, aliniuliza kama huyo kijana niliwahi kumfundisha. Nikajibu kwamba simjui.

"Kama ulimfundisha," akasema, "basi hakukusikia."

Jumapili iliyofuata aliniletea kibuyu kilichojaa, kunishukuru. Mimi sikuweza kukigusa. Binti yangu alionja, akasema, "Baba, hii inashinda yetu." Akaimaliza.

Yale maneno ya kwanza nimeyafuta, lakini watu walikuwa wameshayapiga picha na kuyasambaza. Nikisimama kanisani nikakiri, binti yangu, ambaye hajui lolote, ndiye atakayeitwa mwongo, na kazi yake iliyoanza kusimama itaanguka kwa mkono wangu. Nikinyamaza, Mama Chebet ataendelea kurudi nyumbani na vibuyu vyake vimejaa. Nimewahi kufika hadi kwenye lango lake nikitaka kumwambia yeye peke yake. Aliponiona alimwambia mjukuu wake alete kiti, mwalimu amekuja. Nikasema nilikuwa nikipita tu.

Kibuyu chake nimekiosha, kiko hapa mezani ninapoandika. Jana Mama Chebet alikiulizia kwa upole, kwa kuwa anakihitaji. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Wengi wenu mna umri wa wanafunzi wangu, na leo mimi ndiye ninayeuliza. Nishaurini: nikirudishe kikiwa na nini?