Supu ya Njegere Haitaki Ndimu

Nilifunga banda langu la supu pale Kihonda kwa sababu ya neno moja la mwalimu wa Mzumbe. Chuoni walikuwa wanaandaa siku ya supu, wageni wa nchi mbalimbali wapike vya kwao, nami nikaalikwa. Nikajigamba kwamba nitapika chili ya Meksiko, ile ya maharage, nyama ya kusaga na pilipili, ambayo nyie wateja wangu mnaijua. Mwalimu akanijibu kwa upole kwamba Mmeksiko wanaye. Akasema, "Wewe tuletee ya kwenu."

Mimi ninayepika supu ya dengu ya Waturuki na ya nazi ya Wathai, zote nimejifunza kwenye simu na hazina ugumu wowote, ya kwetu sikujua kuipika. Supu ya kwetu Mgeta ni ya njegere na maziwa ya mbuzi. Marehemu mama alinipikia, nikanywa, nikalamba bakuli, lakini sikuwahi kusimama mekoni. Mwacha mila ni mtumwa, na utumwa mimi siuwezi. Kesho yake nikaanza safari ya kwenda kwa mama mkubwa Felista, dada yake mama.

Mchana nilikuwa Sangasanga, pale lami inapoachwa na njia ya mlimani inapoanza. Nikapata lori la mboga lililokuwa linarudi juu tupu. Dereva alinikalisha mbele, akaniuliza naenda msibani au harusini. Nilipomwambia naenda kujifunza supu akasema huko juu hata mtoto anaijua. Sikupenda, ila nilikuwa kwenye gari lake. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na makonde ya ngazi yakaanza kuonekana, kabichi juu ya karoti, karoti juu ya viazi, kwenye miteremko ambayo mtu wa Kihonda asingethubutu hata kusimama. Waliochonga ngazi hizo ni watu wangu. Nilijisikia mkubwa kupita kiasi.

Jioni nikafika. Mama mkubwa alikuwa anakamua mbuzi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi, akaniuliza habari za mjini. Nilipotaja supu alicheka mpaka mbuzi akasogea. Akanieleza kwamba bahati yangu nzuri, au mbaya, kesho majirani wanakuja kumsaidia kupalilia viazi, na supu hiyo ndiyo chakula chao. Mpishi nitakuwa mimi.

"Ukiiharibu hawatasema Felista kaharibu," aliniambia. "Watasema ukoo wetu hauna mpishi."

Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo aliposema ukoo alimaanisha bibi, mama, yeye na mimi. Nilikwenda kulala mapema.

Asubuhi alinielekeza kila kitu. Njegere zichemke na viazi na kitunguu, nusu zipondwe kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Pilipili kichaa itumbukizwe nzima, isipasuke. Maziwa yaingie mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa. Nilifuata yote, na harufu ikawa ileile ya mama. Mama mkubwa akatoka kuwaita majirani kule kondeni.

Hapo ndipo mazoea ya mjini yaliponiponza. Banda langu halijawahi kutoa supu bila ndimu, hata mkoba wangu haukosi. Mkono ukakamua wenyewe. Kufumba na kufumbua maziwa yakakatika, mabonge juu, maji chini.

Wanawake waliingia wakiwa na udongo miguuni, wakanawa, wakakaa. Mama mkubwa alichungulia sufuria, akanitazama, akapakua. Walikunywa yote. Hakuna aliyekunja uso, na jirani mmoja aliomba aongezwe. Heshima ile iliniuma kuliko matusi. Walipoondoka nilimwambia mama mkubwa kwamba Mzumbe siendi tena.

"Mama yako akiharibu alikuwa anapika tena siku hiyohiyo," alinijibu. "Mbuzi wapo."

Basi jioni nikapika upya, yeye amekaa kwenye kigoda, mikono ameikunja, hasaidii wala haelekezi. Ndimu nilikuwa nimeshaigawa. Alionja, akamaliza bakuli, akajiongezea mwenyewe. Kisha akasema nishuke nayo, na nikiulizwa niseme ni ya kwetu. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Alfajiri lori lilishuka limejaa mboga, nami mbele na mfuko wa njegere na dumu la maziwa yaliyochemshwa.

Mzumbe nilikuta masufuria yamepangwa kwenye meza ndefu, nikapika supu yangu na kuiweka hapo. Niliionja chili ya yule Mmeksiko, dada mchangamfu sana. Ni nzuri, na yangu ya Kihonda haiko nyuma, asiwadanganye mtu. Yangu ya siku hiyo ilivuta foleni. Kila Mtanzania aliyefika alidai ndimu, kila mmoja nikamnyima na kumwambia anywe kwanza. Wengi walirudi na bakuli tupu. Nilichojifunza ni kwamba supu za watu simu inakufundisha, ila ya kwenu inataka mtu wa kukutazama amekunja mikono, ambaye ukiharibu mnaaibika wote.

Sufuria ikielekea kuisha alikuja mlinzi wa geti, mzee wa makamo, amevua kofia. Hakudai ndimu. Alikunywa amesimama, polepole, akasema hii ni ya Mgeta. Akanitazama vizuri usoni.

"Wewe ni mtoto wa nani kule juu?"

"Wa Apolonia," nikamjibu, kwa sauti, foleni nzima isikie. "Ni supu yake."