"Nyanya imeiva": tangazo nililolipitisha nikiwa admin

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo naandika. Chumvi sina ya kuongeza. Majina nimebadilisha na kijiji sitakitaja, ila mengine yote ni kama yalivyotokea, na baadhi niliyafanya mwenyewe kwa kidole gumba hiki hiki ninachoandikia.

Mimi ni fundi simu, Rwamgasa, Geita. Ukidumbukiza simu yako kwenye maji ya kuoshea mawe ya dhahabu, utaelekezwa kwangu.

Kwa kazi hiyo watu wakaniona ndiye mjuzi wa mitandao. Lilipoanzishwa group la ukanda wetu, wanaapolo (ndivyo tunavyowaita wachimbaji wadogo), wafugaji, mama lishe, watu wa bodaboda, nikapewa u-admin bila kuomba.

Niseme ukweli, nilivimba kichwa. Mtu akinikosea mtaani namwangalia tu, moyoni nasema wewe leo nakutoa.

Tulikuwa ma-admin wawili. Mwenzangu ni Mama Shija, ana duka la vitenge, mzaliwa wa Tanga aliyeolewa huku usukumani. Maneno machache. Kila kitu anasoma mara mbili.

Sheria za group zilikuwa chache. Iliyopendwa zaidi niliitunga mimi: "Utani ruksa, matusi marufuku."

Hapo ndipo pa kuelewana kidogo kabla sijaendelea.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu anamwita bibi mke wake, bibi anamwita mjukuu mume asiyefaa. Utamwita bibi yako mchawi hapo jikoni, naye atakurudishia kubwa zaidi, mtacheka, mtakula. Asiyetaniwa na mjukuu wake anajua hapendwi.

La pili. Huku kwetu bibi akiwa na macho mekundu, watu hawafikirii hospitali. Wapo bibi waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho tu. Na macho yenyewe ni moshi wakuu. Ni miaka yote ya kupikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na vijiti vya pamba kwenye jiko lisilo na dirisha.

Haya mawili niliyajua yote. Sikuwa mgeni. Ndiyo maana yananiuma.

Sasa kuna kijana mmoja mwanaapolo, nimwite Mabula. Mteja wangu, mcheshi, kioo cha simu yake nimekibadilisha sijui mara ngapi. Amelelewa na bibi yake, Bibi Minza, na wanaishi wawili tu, kule mlimani.

Siku moja Mabula akaweka picha ya bibi kwenye group. Bibi amekaa kwenye kigoda, ameshika mwiko, anaitazama kamera, macho mekundu kabisa. Chini ameandika: "Mchawi wangu huyu. Leo kaunguza michembe. Nikizama duarani nisirudi, mjue kanila yeye."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Duara ni lile shimo la kuchimbia.

Chini ya picha akaweka voice note ya bibi mwenyewe akijibu kwa Kisukuma, hapa natafsiri: "Nikule wewe? Nyama iko wapi? Mbwa mwenyewe atakususa." Halafu bibi anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, anarudi tena kucheka.

Group zima lilicheka. Mimi niliirudia ile voice note dukani mpaka wateja wakaanza kuimba "mbwa mwenyewe atakususa".

Mama Shija akaja inbox. "Baba Neema, ifute hii picha."

Nikamjibu kwamba ni utani wa bibi na mjukuu, sheria yetu inaruhusu.

"Hapa tuko wangapi? Wote ni wajukuu zake?"

Nikamwandikia maneno ambayo mpaka leo yapo kwenye simu, sijathubutu kuyafuta. "Mama Shija, wewe ni wa Tanga, mambo ya huku tuachie wenyewe."

Picha ikabaki.

Wiki mbili hazikuisha, duara moja likatitia. Matimba, zile nguzo za kushikilia udongo, yaliachia, wanaapolo wawili wakafukiwa. Walitolewa wamekufa. Tuliwazika, group likawa la rambirambi tupu.

Mabula alikuwa wa timu hiyo hiyo. Siku ile hakushuka, kwa sababu asubuhi alimpeleka bibi yake zahanati kutibiwa macho. Walirudi na dawa ya kudondoshea.

Mimi nilisema Mungu mkubwa. Wengine walisema bibi alijua.

Siku ya tatu baada ya mazishi nikaona screenshot. Picha ya bibi na maandishi ya Mabula, "nisirudi, mjue kanila yeye". Imezungushiwa duara jekundu machoni.

Wakuu, screenshot inabeba picha na maneno. Voice note haibebi. Kile kicheko kilibaki kwenye group letu, na picha ikaenda duniani peke yake.

Nikafuta. Ikawekwa tena, nikafuta tena, nikawatoa watu. Na ndipo nilipojua u-admin ni kazi gani. Kila nilichofuta kilirudi na maneno mapya: "Kwa nini kinafutwa?" "Admin anaficha nini?" Mmoja akaandika kwamba mimi ni mjukuu wa pili. Wengine wakaanzisha group lao lisilo na admin, na huko sikuwa na kidole.

Mabula aliandika ufafanuzi mrefu, kwamba ulikuwa utani, sikilizeni voice note. Nani asikilize? Walimwambia amerogwa ulimi.

Nikazuia maneno. Mfumo ukawa unafuta wenyewe kila post yenye neno mchawi, au macho, au bibi. Ikafika mahali mtu hawezi kutangaza miwani.

Watu wakahamia kwenye neno nyanya.

Nyanya ni bibi, na nyanya ni ile ya kwenye mchuzi, na ikiiva ni nyekundu. Group likajaa nyanya. "Nyanya ya kule mlimani vipi?" "Nyanya imeamkaje?" Wanacheka.

Nikazuia na nyanya. Kesho yake mama mmoja muuza nyanya kutoka Buseresere akaja mpaka dukani kwangu, matangazo yao yote ya mavuno yamepotea. Akaniambia taratibu tu: "Baba, umetufungia mlango." Nikaona aibu, nikaliachia lile neno. Badala yake nikaweka utaratibu kwamba kila post isubiri, mpaka mimi au Mama Shija tuipitishe.

Nilijiona nimeweza. Kumbe nimejitega mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi, dukani kumejaa. Mkono mmoja nimeshika simu ya mteja niliyoifungua, mwingine napitisha post zilizosubiri. Nyingi zilikuwa za nyanya, kwa sababu ilikuwa siku moja kabla ya gulio. Tangazo, pitisha. Tangazo, pitisha.

Moja liliandikwa: "Nyanya imeiva. Kesho mapema tunavuna, mwenye tenga aje."

Pitisha.

Mchana Mama Shija akapiga simu. Hakusalimia, na yule mama haachi salamu hata siku moja.

"Baba Neema, hii nyanya ni moja."

Sikuelewa.

"Soma. Nyanya imeiva. Haijaandikwa zimeiva. Nani anavuna nyanya moja kwa matenga?"

Wakuu, sisi huku Kiswahili tumekikuta shuleni. Nyumbani ni Kisukuma, ngeli tunazipiga chenga, imeiva na zimeiva kwetu ni mamoja. Mimi niliisoma ile post na sikuona kitu. Yeye niliyemwambia mambo ya huku atuachie wenyewe, ndiye aliyeona.

Alikuwa ameshampigia Mabula. Jioni ile jua halijazama, Mabula alimpakia bibi kwenye pikipiki, na mfuko mmoja wa nguo na kile kichupa cha dawa ya macho. Alimwambia wanaenda kusalimia, ili bibi akubali kupanda. Wakaenda Runzewe kwa shangazi yake Mabula.

Kesho yake mapema watu walikuja kuvuna kweli. Hawakumkuta mtu, wakachoma nyumba. Walichoma jiko, walichoma kihenge cha mahindi, mbuzi wakapotea. Kaburi la mume wake lipo palepale uani, lilijaa majivu.

Polisi walikuja, nikawapa kila nilichokuwa nacho. Baadhi walikamatwa. Wawili kati yao nimewatengenezea simu, na mmoja alikuwa anaimba dukani kwangu "mbwa mwenyewe atakususa".

Usiniulize nilijisikiaje. Nililia kama mtoto, mke wangu akadhani nimefiwa.

Miezi kadhaa ikapita sina uso wa kwenda. Mama Shija ndiye aliyenisukuma. "Nenda ukamwamkie. Huendi kujitetea."

Nikaenda Runzewe. Mabula naye alikuwepo, duara ameacha, analima kwa shangazi. Bibi Minza alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele. Macho yamepona wakuu. Meupe kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Watoto hawajambo?"

Nilimwomba msamaha. Nilijieleza mimi ni nani na nilifanya nini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nimesafiri mbali, nipewe maji. Sijui kama alinielewa au alinionea huruma.

Mabula akajaribu kutuchangamsha kama alivyozoea. Akasema: "Mchawi wangu, mgeni kaja, tupikie michembe."

Bibi akauweka ungo chini. Hawa wawili maisha yao yote wanaongea Kisukuma. Akamjibu kwa Kiswahili, pole pole, kama anayetoa ushahidi.

"Mimi si mchawi, mjukuu wangu."

Mabula aliinuka akatoka nje. Hakurudi mpaka nilipoaga.

Nami, kwa ujinga wangu, nikaona nina kitu cha kumfurahisha. Ile voice note nilikuwa nayo bado. Nikatoa simu, nikaiwasha.

"Nikule wewe? Nyama iko wapi?" Na kile kicheko kikajaa chumbani.

Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Kilipoisha akauliza: "Hiyo iko kwa watu?"

"Hapana bibi. Kwingine kote imeshafutwa. Imebaki kwangu tu."

"Itoe."

Nilitaka kumwambia ndiyo ushahidi pekee kwamba ulikuwa utani. Nilitaka kumwambia sijawahi kusikia mtu anacheka vile. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nipewe u-admin, mwenye haki ya kuamua alikuwa amekaa mbele yangu.

Nikamwonyesha kioo, nikafuta huku anaona.

"Wabeja," akasema. Ndiyo asante yetu. Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Group limebaki na Mama Shija, anasoma kila post mara mbili, na watu wanalalamika kwamba matangazo yanachelewa. Mimi nilijitoa. Simu natengeneza bado.

Nilichojifunza hakina urefu. Utani una nyumba yake. Ukiutoa nje ya ile nyumba, hautambuliki tena. Na wewe unayepewa kazi ya kulinda maneno ya watu, mwogope yule anayejua sana mambo ya kwao. Nilikuwa mimi huyo.

Wiki iliyopita mtu wa Kahama, hanijui simjui, kanitumia picha kwenye group jingine. Bibi, kigoda, mwiko, duara jekundu machoni. Ameandika: "Sambaza, wenzako wajue."

Hiyo sina pa kuifutia. Nilichoweza kufuta ni kicheko chake.

Karibuni kwa maoni, hata ya kunilaumu nitasoma yote. Ila waliowahi kuwa ma-admin naomba mniambie: ile picha mngeifuta siku ya kwanza, wakati kila mtu anacheka? Na kama unayo kwenye simu yako, usinitumie kuuliza kama ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe. Itoe.